Barua za mahitaji maalumu zimenifikia, mtihani ni wa masaa matatu, mhadhiri naanzia wapi?

mhadhiri_mchanga

Habari za muda huu wakuu. Naomba msaada kwa mliowahi kufundisha chuo au kukaa ofisi ya mitihani, hata nyie mliofanya mitihani kwa utaratibu maalumu karibuni sana.

Semesta hii ndo mara ya kwanza nasimamia kozi mwenyewe toka mwanzo hadi mwisho, darasa kubwa, na mtihani wa mwisho ni masaa matatu, sehemu A ya kuchagua jibu, sehemu B maelezo na grafu. Sasa zimekuja barua kwa mkupuo kutoka ofisi inayoshughulikia wanafunzi wenye ulemavu, kila barua ina jina na mistari miwili mitatu basi. Mmoja apewe asilimia 25 ya muda wa ziada na chumba tulivu. Mwingine asilimia 50, maandishi makubwa na kompyuta yenye programu ya kusoma skrini kwa sauti. Wa tatu imeandikwa tu "mwandishi", yani mtu wa kumwandikia majibu. Wa nne aruhusiwe kukaa na simu na kitu cha kula mezani, hapo ndo nimebaki mdomo wazi maana simu ndani ya chumba cha mtihani kwetu ni kesi kamili.

Nani anapanga nini hapa, mimi au ofisi? Naruhusiwa kumuuliza mwanafunzi anasumbuliwa na nini maana barua haisemi? Huyo mwandishi namtoa wapi, nimpe mwenzake wa darasani anayeelewa somo? Na wengine wakihoji kwa nini fulani kaongezewa saa na nusu nawajibu nini? Nimemuuliza mkongwe mmoja idarani kaniambia "wape tu muda, usijitese", ila naona kuna kitu kinanipita. Karatasi bado natunga, mtihani bado wiki kadhaa.

Karani_wa_Mitihani

Mwalimu karibu. Nimekaa ofisi ya mitihani muda mrefu na huyo mkongwe wako aliyesema wape tu muda ndo aina ya watu wanaotufanya tukimbizane na funguo za vyumba asubuhi ya mtihani. Muda ni kitu chepesi kuliko vyote kwenye hizo barua. Kazi iko kwenye vinavyouzunguka, yani chumba, msimamizi, karatasi yenyewe na mtihani unaofuata.

Chukua hesabu yako hiyohiyo. Masaa matatu ni dakika 180, asilimia 25 ni dakika 45, asilimia 50 ni dakika 90. Mtihani ukianza saa tatu asubuhi darasa linatoka saa sita, wa kwanza anatoka saa saba kasorobo, wa pili saa saba na nusu. Saa sita na dakika tano ukumbini viti vinaburuzwa, vitabu vya majibu vinahesabiwa kwa sauti, watu wanabishana majibu mlangoni, na kuna mtu bado anaandika. Kwaiyo muda wa ziada sio abaki tu kwenye kiti chake wengine wakiondoka, ni chumba kingine toka dakika ya kwanza na msimamizi wake. Halafu huyo wa asilimia 50 kama ana mtihani mwingine saa nane mchana ina maana kabakiwa na nusu saa ya kula, kwenda msalani na kupumzisha kichwa kabla hajaingia masaa mengine manne na nusu. We hulioni hilo kwa sababu unaona kozi yako tu, wa ratiba ndo analiona, ila hatoliona kama hujampelekea jina mapema.

Wote waanze muda mmoja na darasa. Kuna wanaoona rahisi kumuanzisha mwenye muda mrefu saa moja na nusu asubuhi ili wamalize pamoja, inawezekana, lakini asitoke humo mpaka wenzake wawe wameingia na mlango umefungwa, la sivyo karatasi imeshavuja na lawama zitamwangukia yeye.

Nani anapanga nini. Ofisi ya ulemavu ndo inaamua anastahili nini, wameshapitia vyeti vya daktari na wameshaongea naye, we sio kazi yako kuamua kama anaonekana mgonjwa au haonekani. Ofisi ya mitihani inatafuta chumba, msimamizi na vifaa. We unabaki na vitatu. Kuleta karatasi mapema kuliko unavyoleta ya darasa, maana inatakiwa igeuzwe. Kusema wazi mtihani wako unapima nini. Na kupatikana siku yenyewe, hiki cha tatu hakuna anayekikumbuka. Swali la 4 limekosewa namba, mhadhiri anaingia ukumbini anatangaza "badilisheni 0.5 iwe 0.05", anaenda zake kunywa chai, kule chumba kidogo watu wanapambana na 0.5 mpaka jasho linawatoka. Nimeona hii zaidi ya nilivyotaka. Andika marekebisho kwenye karatasi, peleka kila chumba, na kama kuna kiziwi ndani basi hata ukumbini andika ubaoni usitegemee mdomo.

Kuhusu kumuuliza anaumwa nini, hapana. Barua haijasahau kuandika, imeacha makusudi, ugonjwa wake ni siri yake. Akikusimulia mwenyewe sawa, msikilize na usimwambie mtu. Swali unaloweza kumuuliza, tena la maana zaidi, ni "mitihani iliyopita nini kilienda vizuri na nini kilikwama". Muulize pembeni au kwa barua pepe ya peke yake, sio kuwatumia barua moja wote na majina yao yanaonekana, na sio kusimama mbele ya darasa useme "wale wa mahitaji maalumu mnione".

Kiberiti

Samahani nitaudhi watu lakini mi hili suala la muda wa ziada sijawahi kulielewa. Mtihani ni kipimo, ukimpa mmoja masaa manne na nusu na mwingine matatu umepima vitu viwili tofauti halafu unaandika daraja moja kwenye cheti. Kazini nani atampa saa na nusu ya ziada? Mi nilikua mwandiko wangu wa polepole tu na nilikosa maswali ya mwisho kila mtihani, hakuna aliyenionea huruma.

mama_kalkulasi

Kiberiti hujaudhi, hilo swali wahadhiri wengi wanalo kimoyomoyo ila hawalitoi, afadhali wewe.

Ila angalia ulichosema mwishoni, mwandiko wako ulikua wa polepole na ukakosa maswali uliyokuwa unayajua. Hapo karatasi ilipima kasi ya mkono wako. Kama kasi ndo somo, mfano mtu anasomea ukalimani wa papo kwa papo, sawa, pima kasi na iandikwe kabisa kwenye malengo ya kozi. Lakini kwenye kozi ya takwimu au historia nani aliandika popote kwamba mhitimu lazima aandike kurasa kumi kwa masaa matatu? Hakuna, ni ratiba ya ukumbi tu ilitupa hayo masaa matatu na sisi tukayageuza kuwa kiwango cha elimu.

Mwalimu hapa ndo kazi yako kubwa na hakuna ofisi itakufanyia. Kaa na karatasi yako uulize kila swali, hapa napima nini? Kinachopimwa hakiguswi kwa yeyote. Njia ya kukipimia ndo inabadilika. Uingereza kuna kesi ya Chuo Kikuu cha Bristol iliyofika Mahakama Kuu na kuamuliwa 2024, mwanafunzi wa fizikia mwenye hofu kali ya kuzungumza mbele za watu, na kozi ya maabara ikawa inampima kwa mahojiano ya mdomo. Alifariki 2018, familia ikashtaki. Chuo kikajitetea kwamba kujieleza kwa mdomo ni sehemu ya kiwango chenyewe, mahakama haikukubali, ikaona mahojiano yalikuwa njia tu ya kupima na chuo kilitakiwa kumrekebishia. Hiyo kesi kila mhadhiri aisome hata kama sheria ya Uingereza haimhusu, maana inauliza kitu ambacho huwa hatujiulizi kabisa.

Na hili sio suala la huruma. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ibara ya 24, unaitaja elimu ya juu kwa jina, na ibara ya 2 inasema kumnyima mtu marekebisho yanayofaa ni ubaguzi. Kuna mpaka pia, marekebisho yasiwe mzigo uliopitiliza, lakini kuweka karatasi kwa fonti ya 18 sio mzigo uliopitiliza kwa chuo chochote duniani.

La kazini. Kazini nani anafungiwa masaa matatu bila kitabu, bila kompyuta, bila kumuuliza mwenzake? Kazini mtu asiyeona anakaa na programu yake ya kusoma skrini siku nzima na anafanya kazi kama wewe. Chumba cha mtihani ndo mahali pa ajabu, sio yeye.

Nitakubaliana na wewe kwenye kimoja. Mtihani uliobana sana muda, ukimwongezea mtu yeyote dakika 45 atapata zaidi, awe na ulemavu asiwe nao, kwaiyo wenzake wanaponung'unika wana hoja. Dawa yake ni kutunga mtihani ambao mwanafunzi aliyejiandaa anaumaliza kwa masaa mawili halafu unampa kila mtu matatu. Mi nafanya hivyo siku hizi, nakaa naufanya mwenyewe kwa kalamu, ukinichukua zaidi ya dakika 50 napunguza maswali. Manung'uniko yameisha karibu yote na cha ajabu hata idadi ya wanaohitaji kutumia muda wao wote wa ziada imepungua. Wakikuuliza kwa nini fulani kaongezewa, jibu ni moja, "mambo ya mwanafunzi mwingine sijadili, na wewe ukiwa na hitaji lako pia sitalijadili na mtu", basi, usianze kutetea.

nukta_sita

Mi sioni toka utotoni, nimemaliza shahada zangu mbili kwa kompyuta na nukta nundu, kwaiyo ngoja niongelee huyo wa programu ya kusoma skrini maana najua atakachokutana nacho kama hakuna wa kukuambia.

Usimpe PDF iliyoskaniwa. Hili ndo la kwanza na la mwisho, ningeweza kuishia hapa. Karatasi ikipigwa skani inakuwa picha, programu inaifungua inasema "ukurasa mtupu" au inakaa kimya, na mtu umeshaanza kuhesabiwa muda. Nilishakaa kwenye chumba nasikiliza ukimya huku msimamizi anahangaika kumtafuta mhadhiri aliyeizima simu yake. Mpe faili la Word uliloandika mwenyewe, vichwa vya maswali viwe vichwa kweli sio herufi zilizokolezwa tu, maana tunaruka kutoka kichwa hadi kichwa kwa kubonyeza kitufe kimoja, bila hivyo kurudi swali la 2 unasikiliza karatasi nzima upya. Jedwali liwe jedwali, sio picha ya jedwali. Kanuni za hesabu ziandikwe kwa kihariri cha milinganyo, ukibandika picha ya kanuni mi nasikia "picha" basi, hujaniuliza swali.

Grafu ni ngumu zaidi na hapa ndo utatakiwa kufikiri. Ukiielezea kwa maneno unaweza kuwa umetoa jibu. Swali linauliza mwelekeo wa mstari halafu maelezo yanasema "mstari unapanda toka kushoto kwenda kulia", asante sana alama nimepata. Ukielezea kidogo mno napo hakuna swali. Kama mtu anasoma kwa vidole kuna karatasi maalumu, unachora kwa wino mweusi, unaipitisha kwenye mashine ya joto, sehemu zenye wino zinavimba na unasoma mchoro kwa kugusa. Hiyo haifanyiki jana yake, na mchoro wenyewe lazima upunguzwe, yale mapambo yote ya vijimistari vya gridi kwenye vidole ni vurugu tupu. Pengine mpe namba kwenye jedwali na umuulize swali lilelile kwenye namba, kama ulichokuwa unapima ni kuelewa uhusiano wa x na y na sio macho.

Ila huyo wako kaandikiwa na maandishi makubwa pia, manake ana uoni hafifu, anatumia vyote viwili. Maandishi makubwa sio fotokopi. Watu wanachukua A4 wanaikuza kuwa A3, na A3 inakuza herufi mara 1.4 tu, fonti ya 12 inafika kama 17, halafu umempa karatasi kubwa isiyokaa mezani ambayo anaisogeza shingo kama anatafuta kitu kilichoanguka. Badilisha fonti kwenye faili lenyewe, 18 au 20 au atakayosema, A4 ileile, upande mmoja, na grafu uichore upya mistari iwe minene. Na pitia maneno ya "tazama ukurasa wa 3" maana kurasa zimehama. Na "angalia mstari mwekundu" toa kabisa, kuna watu wengine huko darasani hawaitofautishi nyekundu na kijani na wala hawana barua yoyote.

Kwa mwenye kutumia nukta nundu ambaye utampata mwaka mwingine, ukurasa mmoja wa kawaida unaweza kuzaa kurasa mbili tatu, ina maana anabeba kitabu, na kwa hesabu lazima mgeuzaji ajue mwanafunzi alifundishwa mfumo gani. Kuna wa Nemeth, uliotungwa na mwanahisabati asiyeona Abraham Nemeth ukachapwa 1952, na kuna mwingine uitwao nukta nundu za Kiingereza zilizounganishwa (UEB), alama zake za hesabu hazifanani. Umpe mtu mfumo ambao hakuusoma ni sawa na hujampa.

Hedifoni, muhimu. Na kama anatumia mashine ya kuandikia nukta nundu ile ina kelele, apewe chumba cha peke yake, sio yeye anasumbuliwa, wenzake ndo watasumbuliwa.

kalamu_ya_kuazima

Swali la mwandishi nalijibu mi, nilivunjika mkono wa kulia nikafanya mitihani ya semesta nzima kwa kuimla, yani natamka majibu mwingine anaandika. Kwanza ulemavu wa muda nao unahesabika, watu hawajui hilo wanaahirisha mwaka bure.

Mwenzake wa darasani usimpe. Anafanya mtihani huohuo, na hata kama sio mwaka wake mkiwa marafiki atakusaidia bila kujijua, uso tu ukibadilika umeshajua umekosea. Ndugu pia hapana, na aliyekufundisha mafunzo ya ziada hapana. Lakini ukimchukua mtu asiyejua kabisa somo nayo ni mateso, kila istilahi unaitaja herufi kwa herufi, muda unayeyuka. Waliofaa kwangu ni wa shahada ya pili kutoka idara jirani, wanajua maneno ila sio swali.

Kazi yake ni kuandika anachosikia, nukta. Hasahihishi sentensi, hasemi "una uhakika?". Grafu unaimla pia, "weka nukta x mbili y tano, unganisha", na kama swali linapima kuchora ongea na ofisi mapema ijulikane itakuwaje. Sehemu A mwandishi aangalie anapaka kivuli kwenye herufi gani, mimi nilikuwa namwambia anisomee namba ya swali na herufi kabla hajapaka. Na wakutane kabla! Lazima wafanye mazoezi japo kidogo maana kuimla ni ujuzi wake, unajikuta unafikiri kwa sauti na yeye anaandika mawazo yako mabovu yote. Tukakubaliana nikisema "andika" ndo anaandika.

Chumba ni chao wawili na msimamizi, huwezi kumweka na yule wa chumba tulivu, mmoja anaongea masaa matatu mwingine anatafuta utulivu, nimeona vimewekwa pamoja kwa sababu tu wote ni "maalumu".

Na kuna kitu kwenye barua yako kimenishtua, umesema imeandikwa mwandishi tu bila muda. Kuimla ni polepole kuliko kuandika. Rudi ofisini uulize kama wamesahau, usiamue mwenyewe kumwongezea wala kukaa kimya.

Kiberiti

Mama kalkulasi nimekusoma. Hilo la masaa mawili kwa matatu nalikubali, mengine bado natafakari. Ila simu mezani hapo hapana jamani, kila mtu ataleta barua.

Karani_wa_Mitihani

Kiberiti hiyo barua haitoki kirahisi kama unavyodhani, muulize aliyeitafuta.

Sisemi huyo wa mwalimu ana nini, ila nitoe mfano wa jumla. Kuna watu wenye kisukari wanabandika kifaa kidogo kwenye ngozi kinapima sukari mfululizo na kupeleka namba kwenye simu kwa bluetooth. Sukari ikishuka simu inalia. Kwa mtu huyo simu ni kifaa cha tiba. Tunachofanya simu inawekwa hali ya ndege na bluetooth inaachwa wazi, inakaa juu ya meza kioo kikiangalia juu, au meza ya msimamizi aliye karibu kama mwanafunzi mwenyewe kakubali. Intaneti hakuna. Ikilia anaangalia, anakula alichonacho, na saa yake inasimama. Msimamizi anaandika ilisimama saa ngapi na ikaendelea saa ngapi, zile dakika anarudishiwa mwishoni. Mapumziko ya namna hii mara nyingi yanasaidia watu kuliko kuwarundikia muda, maana mwenye maumivu ya mgongo ukimpa masaa sita mfululizo hujamsaidia umemuongezea mateso.

Cha kuangalia ni msimamizi. Wewe unajua, ofisi inajua, halafu siku hiyo anapangwa msimamizi wa akiba asiyejua kitu, anaona simu, anaipora na kuandika ripoti ya udanganyifu. Kwaiyo nakala ya ruhusa ikae ndani ya bahasha ya karatasi za chumba hicho, bila ugonjwa kuandikwa, imeandikwa tu anaruhusiwa nini na anamaliza saa ngapi. Saa ya kumaliza iandikwe kwa kila mtu, usimwachie msimamizi kupiga hesabu ya asilimia kichwani.

Na kwa siku ya kusahihisha, kitabu cha majibu cha chumba kidogo kichanganywe na vingine. Ukivileta kwenye bahasha yenye maandishi makubwa "MAHITAJI MAALUMU" msahihishaji kashajua, awe wa kuonea huruma au wa kukomoa.

mhadhiri_mchanga

Aisee nashukuruni sana, nimeshaandikia ofisi kuhusu wa mwandishi na kweli muda ulisahaulika kwenye barua, wanaitoa nyingine. Sehemu A nimepunguza maswali na grafu moja nimeitoa kabisa maana nilipojiuliza inapima nini sikupata jibu.

Jingine, nina majaribio mafupi ya kwenye Moodle, ule mfumo wa kozi wa mtandaoni, kila baada ya wiki mbili, dakika 20. Barua zinahusu na hayo au mtihani wa mwisho tu? Na idara inataka tutumie ile programu ya kumwangalia mwanafunzi kwa kamera.

fundi_wa_mtandao

Zinahusu isipokuwa zimeandikwa vinginevyo, hata jaribio la dakika tano. Kwenye Moodle fungua jaribio, kuna sehemu ya kumwekea mtumiaji mmoja muda wake tofauti bila kugusa wa wengine, dakika 20 unamwekea 25 kwa asilimia 25 au 30 kwa asilimia 50. Angalia na saa ya kufunga jaribio pia, watu wanaongeza dakika halafu jaribio zima linafungwa saa ileile na mtu anakatwa katikati. Weka majaribio yote ya semesta kwa siku moja uachane nayo, ukisema utakumbuka kila wiki mbili hutakumbuka. Unaweza kutengeneza kundi ukawaweka humo, ila hakikisha wanafunzi wengine hawaoni jina la kundi, kuna mtu aliliita "walemavu" na darasa zima likaliona.

Hiyo ya kamera kuwa nayo makini. Nyingi zinatia alama ya shaka mtu akitazama pembeni, akitikisika au akisogeza midomo, na kuna watu mwili wao unafanya hivyo siku zote. Asiyeona haangalii skrini kabisa, mashine itamwona mdanganyifu dakika ya kwanza. Na zile zinazofunga kompyuta isifungue kingine chochote mara nyingi zinaua na programu ya kusoma skrini. Mtoe kwenye hilo sharti kwa maandishi kabla, afanyie kwenye chumba chenye msimamizi wa kawaida.

nukta_sita

Naongezea hapo. Mwalimu mpe huyo wa skrini faili la kujaribia kabla ya siku, sio mtihani wenyewe, chukua karatasi ya mwaka jana uitengeneze kwa namna ileile utakayotengeneza ya mwaka huu, jedwali, milinganyo, vyote. Afungue aone kama vinasomeka.

mhadhiri_mchanga

Afungulie kwenye laptopu yake au ya chuo? Ofisi wamesema watatoa kompyuta yao.

nukta_sita

Hiyohiyo ya chuo atakayofanyia, na ndani ya chumba kilekile. Programu za kusoma skrini ziko tofauti, mi nimezoea iitwayo JAWS, ukinikalisha kwenye nyingine, NVDA, nitafika lakini vitufe vingine sivyo na sauti inaongea kwa kasi ya mtu mwingine. NVDA ni ya bure kwaiyo vyuo vingi ndo wanaiweka, sina ugomvi nayo, ila muulize anatumia ipi waiweke hiyo. Na waangalie sauti inatoka kwenye hedifoni kweli, na intaneti wakiizima programu isigome kwa sababu leseni inataka mtandao.

mhadhiri_mchanga

Sawa mkuu, namuandikia leo, na fundi wa maabara ya kompyuta nimempata, tunafungua pamoja Jumatano.